Shimo Jeusi Linalopita Juu ya Ngombezi

Katikati ya Februari, kabla masika hayajaanza, Korogwe hupata usiku mwingi wa anga wazi. Mtu akitoka mjini, akaziacha taa za barabara kuu nyuma yake na kusimama kando ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi mnamo saa tatu usiku, karibu na utosi wake ataiona nyota yenye wekundu iitwayo Betelgeuse, iliyo begani mwa kundinyota la Jabari. Upande wa kusini, si mbali, inawaka Sirius, angavu kuliko nyota zote za usiku. Kati ya hizo mbili, theluthi ya njia kutoka Betelgeuse na kusogea mashariki kidogo, macho hayaoni kitu. Darubini ndogo nayo haioni kitu. Hapo ndipo lilipo mojawapo la mashimo meusi yaliyochunguzwa sana katika elimu ya falaki.

Linaitwa A0620-00. Liko umbali wa miaka ya nuru 3,500 hivi, yaani mwanga wa mahali hapo unaofika Tanga leo uliondoka huko kabla Pangani haijawa bandari na kabla hajakuwako wa kuiita Pangani. Kwa kuwa liko karibu kabisa na mstari wa ikweta ya anga, kila siku hupita juu ya vichwa vya wakazi wa Korogwe na Handeni, usiku au mchana kutegemea majira, digrii tano tu kaskazini mwa utosi. Wazee wa pwani walioangalia nyota za Kilimia kujua wakati wa kulima walilipita kwa macho maisha yao yote.

Uzito wake ni kama mara 6.6 ya uzito wa Jua. Lakini mpaka wake, ule ambao kitu kikishauvuka hakirudi tena, hata mwanga, una kipenyo cha kilomita 40 hivi. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65, kwa hiyo shimo lote lingeingia humo na nafasi ikabaki. Jua mara sita na zaidi, limebanwa ndani ya wilaya moja.

Shimo kama hilo lenyewe halitoi mwanga. Lingeweza kukaa pale milele bila mtu kujua, na yako mengi ya namna hiyo: inakadiriwa kwamba katika galaksi yetu peke yake kuna mashimo meusi yapatayo milioni 100, na karibu yote yamekaa kimya. Hili limejulikana kwa sababu ya tukio moja la mwaka 1975, na tukio hilo lina mkono wa pwani ya Afrika Mashariki ndani yake kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Tarehe 3 Agosti 1975, setilaiti ya Kiingereza iitwayo Ariel 5 ilipokuwa ikipekua anga, ilikuta eksirei zikitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu kabla. Eksirei hizo ni miale ya aina ileile inayotumika pale hospitali ya Magunga kupiga picha ya mfupa uliovunjika, ila hizi zilitoka angani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester waliokuwa wakiendesha kifaa hicho walidhani watakiona chanzo hicho kikififia. Kikazidi. Siku baada ya siku kilipanda, na kabla wiki mbili hazijaisha kilikuwa kimevipita vyanzo vyote vya eksirei angani ukiondoa Jua lenyewe. Kilikipita hata Scorpius X-1, chanzo kilichokuwa kimeshika nafasi ya kwanza tangu kilipogunduliwa mwaka 1962. Kwenye mwanga wa kawaida nako, nyota iliyokuwa hafifu mno ikapanda mwangaza mara mia kadhaa. Kisha, taratibu, ikaanza kushuka, na miezi kadhaa baadaye kila kitu kikarudi kimya.

Herufi A kwenye jina la shimo inasimama badala ya Ariel, na tarakimu zinaonyesha mahali pake angani. Ariel 5 yenyewe haikurushwa kutoka Uingereza wala Marekani. Iliondoka tarehe 15 Oktoba 1974 kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ras Ngomeni, kama kilomita 30 kaskazini mwa Malindi. Kutoka Ngombezi hadi hapo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 300 hivi.

Jukwaa hilo liliitwa San Marco. Lilikuwa wazo la Luigi Broglio, profesa na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyetaka nchi yake iwe na mahali pake pa kurushia roketi na akapatafuta karibu na ikweta. Kulikuwa na majukwaa mawili: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Kuanzia 1967 hadi 1988 zilirushwa hapo setilaiti 9 zilizoingia kwenye mzingo wa dunia. Kwa vipimo vya leo hiyo ni idadi ndogo sana. Lakini kati ya hizo 9, tatu zilikuwa za eksirei na moja ya miale ya gama, na hizo nne ziliandika sura ya kwanza ya elimu nzima.

Kwa nini ikweta? Sababu ya kwanza ni ya mafuta. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta uso wake unakwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Roketi ya Scout iliyotumika Ngomeni ilikuwa ndogo, na kwa roketi ndogo msukumo huo si haba. Sababu ya pili ndiyo iliyowavuta wanaastronomia. Juu ya Atlantiki ya kusini kuna eneo ambapo chembechembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini zaidi, na setilaiti ikipita hapo vitambuzi vyake hujaa kelele. Ukirusha kutoka ikweta na kuzunguka juu ya ikweta, unalikwepa eneo hilo karibu lote. Kwa mtu anayetaka kuhesabu miale ya eksirei mmoja mmoja, hiyo ni tofauti kati ya kusikia na kutosikia.

Na kwa nini setilaiti kabisa? Kwa sababu hewa inazuia eksirei. Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu wa Korogwe ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, na eksirei za nyota haziwezi kupenya ukuta huo. Ni bahati kwetu, maana vinginevyo tusingekuwa hai kuulizana maswali haya. Kwa mtafiti ni kero: lazima apande juu. Kabla ya Ngomeni walipanda kwa roketi zilizokwenda juu na kuanguka, zikitazama anga kwa dakika chache tu. Cygnus X-1, chanzo kilichokuja kuwa maarufu kuliko vyote, kiligunduliwa namna hiyo mwaka 1964.

Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake iliondoka Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, akapendekeza setilaiti ipewe jina la siku yenyewe, na hadi leo vitabu vya fizikia vya Tokyo, Moscow na Boston vinaiita Uhuru. Aliyeongoza upande wa sayansi alikuwa Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hii ya kuifungua anga ya eksirei.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, kama gunia moja na nusu la mahindi. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda kwa ukanda. Ilipoacha kufanya kazi mwaka 1973 ilikuwa imekusanya data za vyanzo 339, wakati kabla yake vilijulikana makumi tu. Ikaonyesha pia kwamba vingi kati ya vile vyenye nguvu ni nyota mbili zinazozungukana: moja ya kawaida, na mwenzake mdogo, mzito, asiyeonekana.

Cygnus X-1 ndiyo iliyowashtua. Uhuru iliona eksirei zake zikipanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka, kwa hiyo kinachowaka hapo lazima kiwe kidogo sana. Kisha mwaka 1971 kikatokea kingine: eksirei zake laini zikapungua ghafla hadi kama robo, na wakati huohuo mawimbi ya redio yakaanza kusikika kutoka mahali palepale. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona mfumo wa namna hii ukigeuza hali. Redio ndiyo iliyowapa wanaastronomia mahali kamili pa kutazama, na hapo wakaikuta nyota kubwa ya buluu ikizungukwa kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vinakipa uzito wa Jua mara 21.

Wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau mwaka 1974 kuhusu Cygnus X-1. Hawking aliweka dau kwamba si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Hadithi hiyo inapendwa sana na waandishi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jambo kubwa zaidi lilikuwa limetokea katikati ya miaka hiyo, kwenye lile shimo la juu ya Ngombezi, na karibu hakuna anayelisimulia.

Ili kulielewa, lazima kujibu swali lililo rahisi kuuliza: kitu kinachomeza mwanga kinawezaje kuwaka kuliko vyote?

Kinachowaka si shimo. Ni chakula chake kabla hakijaingia. Watu wa Korogwe wana mfano wa jambo hili mlangoni. Mto Pangani unaposhuka kwenye maporomoko ya Hale, maji yanayoanguka huzungusha mitambo iliyoanza kazi mwaka 1964 na kutoa umeme hadi megawati 21. Maji hayachomwi wala hayabadiliki kuwa kitu kingine, ni kushuka tu kunakotoa nguvu, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo nguvu inavyozidi. Hakuna mteremko mkali kuliko wa kuelekea shimo jeusi. Jua linapounganisha haidrojeni yake hugeuza kuwa nishati chini ya asilimia 1 ya uzito wa mafuta hayo. Gesi inayoshuka hadi ukingoni mwa shimo jeusi inaweza kutoa asilimia 6, na shimo likiwa linajizungusha kwa kasi kubwa, inatoa nyingi zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba maji ya Hale yakishatoa nguvu yake huendelea na safari hadi baharini Pangani, lakini gesi haina bahari ya kwenda.

A0620-00 lina nyota mwenza, ndogo kuliko Jua na yenye rangi ya machungwa. Zimekaribiana mno: zinazungukana kwa saa 7 na dakika 45 tu, muda usiofika zamu moja ya kazi. Nguvu ya uvutano ya shimo imeivuta nyota hiyo hadi imechongoka upande mmoja, na kwenye ncha hiyo gesi yake inavuja. Haitumbukii moja kwa moja, kwa kuwa inakuja na mwendo wa kuzunguka. Inajipanga kama sahani pana inayolizunguka shimo, na tabaka za ndani zikienda kasi kuliko za nje.

Hapa ndipo penye siri ya mlipuko. Kwa miaka mingi sahani hiyo huwa baridi kiasi, na gesi baridi haisuguani sana, kwa hiyo haishuki. Inajilimbikiza. Nyota inaendelea kuongeza na sahani inaendelea kunenepa. Halafu mahali fulani joto linafika nyuzi elfu kadhaa, kiwango ambacho atomu za haidrojeni zinaanza kupoteza elektroni zake. Kuanzia hapo gesi inashika tabia nyingine kabisa: inanasa joto badala ya kulitoa, inachafuka, na msukosuko wake unaiangusha ndani. Joto linasambaa sahani nzima ndani ya siku chache. Mzigo wa miongo unateremka kwa miezi. Karibu na shimo gesi inafika nyuzi milioni 10, na kitu chenye joto hilo hakiwaki kwa mwanga mwekundu wala mweupe, kinawaka kwa eksirei. Msingi wa maelezo haya aliuweka Yoji Osaki wa Japani mwaka 1974, akizungumzia nyota ndogo za aina nyingine ambazo nazo hufumka na kupoa. Yakaja kuvikwa mashimo meusi, yakaenea, ingawa yanaendelea kurekebishwa.

Kwa hiyo neno mlipuko tunalitumia kwa ulegevu kidogo. Hakuna kilichopasuka. Nyota ipo, shimo lipo, na gesi ikiisha kushuka hesabu inaanza upya.

Milipuko hii ina mwenendo wake. Mwanzoni eksirei huwa kali, zikitoka kwenye gesi nyembamba yenye joto kubwa mno karibu na shimo, na redio husikika. Baadaye sahani yenyewe inatawala na eksirei zinakuwa laini. Wakati wa kugeuka kutoka hali moja kwenda nyingine, baadhi ya mifumo hutema mabonge ya gesi pande mbili kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1994 Félix Mirabel na Luis Rodríguez waliona mabonge ya mfumo wa GRS 1915+105 yakionekana kana kwamba yanaupita mwanga. Ilikuwa ni hadaa ya macho inayotokana na uelekeo wao, ila kasi ya kweli bado ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya kasi ya mwanga. Kinachoirusha gesi kwa nguvu hiyo kutoka mahali ambapo kila kitu kinaanguka ni mojawapo la maswali yanayowakosesha watu usingizi hadi leo.

Turudi kwenye 1975. Setilaiti nyingine, SAS-3, nayo ilikuwa imerushwa kutoka Ngomeni tarehe 7 Mei mwaka huohuo, miezi mitatu tu kabla, ikawahi kulitazama tukio. Kwa hiyo mlipuko uliowashangaza watu wa falaki duniani kote ulikuwa ukipimwa na vyombo viwili vilivyoondoka kwenye chuma kilekile baharini. Bara, Handeni na Korogwe, watu walikuwa katikati ya kuhamishiwa vijijini, na mashamba ya mkonge yalikuwa yametaifishwa miaka minane nyuma. Yalikuwepo ya kuangalia kuliko anga.

Mlipuko ulipopoa, faida yake ndiyo ikaanza. Mfumo unapowaka, sahani inaifunika nyota mwenza kwa mwanga wake. Ukipoa, nyota inaonekana, hafifu, na mwendo wake unaweza kupimwa. Jeffrey McClintock na Ronald Remillard waliufanya upimaji huo na kuuchapisha mwaka 1986. Nyota ile ya rangi ya machungwa ilikuwa ikikimbia kwa zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde, mara inakuja kwetu, mara inakwenda, kila baada ya saa 7 na dakika 45. Ili kuishika nyota yenye kasi hiyo isichomoke, mwenza asiyeonekana lazima awe na uzito usiopungua Jua mara 3. Nyota ya nyutroni, ambayo ndiyo maiti nzito kuliko zote ambayo nyota inaweza kuacha bila kuwa shimo jeusi, haiwezi kubeba uzito huo bila kuporomoka. Kwenye Cygnus X-1 bado kulikuwa na mianya ya kubishana, kwa sababu uzito wa ile nyota kubwa ya buluu wenyewe ulikuwa wa kukisia. Hapa nyota ilikuwa ndogo na haikuingilia hesabu. Mlipuko uliwaonyesha mahali pa kutazama, na ukimya uliofuata ukawaruhusu kupima.

Njia hiyo imekuwa ndiyo desturi. Mashimo meusi mengi ya uzito huu yaliyothibitishwa katika galaksi yetu yalipatikana hivyo: yalifumka, yakatiwa alama, yakasubiriwa yapoe, yakapimwa. Ni makumi machache tu.

Kuna nyongeza tamu. Baada ya 1975, watafiti walirudi kwenye hazina ya picha za vioo za Chuo Kikuu cha Harvard, ambako anga lilikuwa likipigwa picha tangu karne ya 19. Wakakuta nyota ileile ikiwa imeng'aa mwaka 1917. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyekuwa na namna ya kuona eksirei. Korogwe ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani mwaka mmoja tu kabla, Juni 1916, na vita vilikuwa vimesogea kusini. Mlipuko ulipita, ukaacha alama kwenye kioo, kioo kikawekwa kabatini.

Roketi za Ngomeni zilinyamaza mwaka 1988, lakini kituo cha Malindi hakikufungwa. Antena zake, chini ya Shirika la Anga la Italia, ziliendelea na kazi ya kusikiliza. Zilipokea data za BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa mwaka 1996. Zinapokea za Swift, ya Marekani, iliyo angani tangu Novemba 2004 na ambayo kazi yake ni kuwahi matukio ya ghafla. Tarehe 15 Juni 2015, saa tatu na nusu hivi usiku kwa saa zetu, Swift ilinasa V404 Cygni ikifumka baada ya kukaa kimya miaka 26. Shimo hilo, lenye uzito wa Jua mara 9 hivi na umbali wa miaka ya nuru karibu 7,800, lilikuwa limewahi kuonekana mwaka 1989, na kabla ya hapo likadhaniwa kuwa nyota mpya mwaka 1938. Kwa karibu wiki mbili liliwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, ndani ya dakika. Watazamaji wasio wataalamu, wenye darubini zao nyumbani, walichangia vipimo vya mwanga vilivyoingia katika utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata.

Mgeni mpya wa Malindi ni IXPE, iliyorushwa Desemba 2021. Inazunguka karibu juu kabisa ya ikweta, kwa hiyo inapita jirani na pwani ya Kenya kila mzunguko, kila saa moja na nusu hivi. Inapima jambo ambalo Uhuru haikuweza: mawimbi ya eksirei yameinamia upande gani. Mwaka 2022 iliielekea Cygnus X-1, kile chanzo cha Uhuru, ikaonyesha kwamba gesi yenye joto kali karibu na shimo imetandaa sambamba na sahani na haikusimama juu yake kama mnara. Hoja iliyobishaniwa miaka mingi ikapata jibu, na takwimu zake ziliteremka kupitia Malindi. Agosti 2023 Swift ikanasa mlipuko mwingine, Swift J1727.8-1613, na IXPE ikaufuatilia ulipokuwa ukigeuka kutoka hali kali kwenda laini.

Pale Ngomeni majukwaa yenyewe yamebaki baharini, yameliwa na kutu, na wavuvi wanapita chini yake. Nini hasa Kenya inapata kutokana na kituo hicho limekuwa swali la muda mrefu kati ya Nairobi na Roma, na makubaliano mapya yalitiwa saini mwaka 2016. Upande wa Tanzania swali kama hilo halisikiki sana. Watu wazima wachache wanakumbuka kwamba Zanzibar nayo ilikuwa na kituo cha NASA cha kufuatilia vyombo vya anga, huko Tunguu, hadi kilipofungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Watoto wa shule za sekondari Korogwe wanasoma mawimbi ya sumakuumeme katika fizikia bila kuambiwa kwamba setilaiti yenye jina la Kiswahili ndiyo iliyoifungua anga ya eksirei. Hilo lingeweza kurekebishwa kwa aya moja kwenye kitabu.

A0620-00 limepata heshima ya aina nyingine. Tarehe 15 Juni 2018, majivu ya Hawking yalipozikwa Westminster Abbey, Shirika la Anga la Ulaya lilituma sauti yake kwa mawimbi ya redio, kupitia antena ya Cebreros huko Hispania, kuelekea shimo hili. Lilichaguliwa kwa sababu wakati ule ndilo lililojulikana kuwa la karibu kuliko yote. Tangu hapo limenyang'anywa sifa hiyo na Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022, lenye umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi. Hilo halina sahani ya kuwaka. Liligunduliwa kwa sababu tu nyota mwenza wake inayumba.

Litafumka lini tena? Kati ya 1917 na 1975 ni miaka 58, na anayependa hesabu za haraka atatamka 2033. Wanaastronomia hawaipendi hesabu hiyo. Matukio mawili hayatoshi kupata kalenda, na yawezekana kabisa kwamba kati yao lilitokea jingine wakati Jua limeziba njia. Kwa hilo majira yana neno. Mwishoni mwa Juni Jua husimama upande uleule wa anga, na darubini za mwanga haziwezi kuliona shimo hata likiwaka. Mlipuko ukianza wakati huo, watakaoujua kwanza ni walinzi wa eksirei walio kwenye mizingo, na watu wa darubini watasubiri hadi Agosti, kama ilivyokuwa 1975, waamke kabla ya alfajiri. Ukianza Januari au Februari, mambo yatakuwa mepesi zaidi: kwenye kilele chake darubini ya kioo cha sentimita 15, ikisimamishwa Ngombezi mbali na taa, itatosha kuonyesha kidoto cha mwanga juu kabisa ya anga, mahali ambapo ramani haina nyota.